Bomba la Gundi

Salumu alikufa Jumatatu asubuhi nyuma ya choo cha soko, akiwa ameegemea ukuta kama mtu anayepumzika. Tulimwosha baada ya sala ya Adhuhuri. Mimi ndiye mwosha maiti wa msikiti wetu hapa Keko tangu mwaka themanini na sita. Siku ile mwenzangu ninayeosha naye alikuwa Kimbiji kwenye msiba wa shemeji yake, hivyo nilimwita mpwa wangu Khalfani aingie ndani ya shuka anisaidie kumimina maji.

"Mjomba, tafuta mwingine," alisema.

"Marehemu alikuwa rafiki yako. Mwingine nani?"

"Mie siwezi."

"Ni kumimina maji tu. Ingia."

Aliingia. Wanaume wanne walishika shuka pande zote wakiwa wametugeuzia migongo, kama inavyotakiwa. Salumu alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, chini yake tumechimba mfuo wa kupokea maji. Khalfani alikuwa amevaa shati lake la mikono mirefu, limefungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono, kama alivyovaa siku zote, hata Februari wakati jua la Dar linapochemsha lami. Miaka miwili nilikuwa nikilitazama shati lile bila kuliuliza kitu.

"Kunja mikono ya shati," nilimwambia.

"Haina haja."

"Utalowa."

"Acha nilowe."

"Khalfani, haoshwi mtu hivyo. Kunja."

Nilikuwa nimeushika mkono wa kushoto wa Salumu. Kwenye kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na vidoa vidogo, vingine vibichi, vingine vimekwisha kuwa kovu, na mshipa ulikuwa mgumu kama uzi wa katani. Alama zile nilikuwa nimekwisha kuziona juu ya kitanda kilekile miezi sita nyuma, kwenye mkono wa Nassibu, mtoto wa jirani yangu Bi Mwamvita. Siku ile sikujiuliza. Nassibu alikuwa ameugua muda mrefu, amekonda, kinywa kimejaa vidonda, na nyumbani kwao walisema ni kifua. Nilidhani ni sindano za hospitali. Lakini Salumu hakuwahi kulala hospitali hata siku moja.

Nilipoinua macho, Khalfani alikuwa amekunja mikono ya shati. Hakunitazama. Alikuwa ameshika kata ya maji, na kwenye kiwiko chake niliona alama zilezile.

Tuliosha upande wa kulia, tukaosha wa kushoto, tukamalizia kwa maji ya karafuu maiti. Nusu ya maji aliyomimina Khalfani ilianguka pembeni ya kitanda. Nje ya shuka watu walikuwa wakisoma, nami nilisoma pamoja nao, lakini moyo wangu ulikuwa unahesabu siku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ijumaa Khalfani alikuwa aoe.

*

Aliyenifundisha kuosha maiti alinifundisha jambo moja kabla hajanionyesha hata namna ya kushika kitambaa. Alisema unachokiona ndani ya shuka kinabaki ndani ya shuka. Ukiona uso umenawiri, unaweza kusema. Ukiona aibu, unaifunika, na Mwenyezi Mungu atakufunika wewe. Nimeishika amri hiyo miaka kumi na mitatu. Nimeosha watu wenye makovu ya siri, watu waliopigwa na ndugu zao, na mke wangu mpaka leo hajui hata moja. Nilikuwa nikiamini kwamba katika kazi zangu zote mbili, hii ndiyo itakayonisemea mbele ya Mola.

Kazi yangu ya pili ni useremala. Nina karakana kando ya barabara hapa Keko, mabati juu, nguzo nne, na upande mmoja ukuta wa mabanzi. Khalfani ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua akiwa darasa la nne na nikamfundisha kazi. Kupiga msasa na vanishi hakuna anayemshinda pale mtaani.

Tuliporudi kutoka makaburini nilikwenda karakana peke yangu, nikaketi juu ya benchi la kazi. Mbele yangu kilikuwapo kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, cha Khalfani na mchumba wake Naima, binti wa Bi Mwamvita, kimebaki vanishi tu. Na juu ya rafu, ndani ya kopo la maziwa, lilikuwapo bomba la sindano.

Nililitazama mpaka adhana ya Alasiri ikaisha.

Bomba lile nililinunua mwenyewe. Zile mvua kubwa za El Nino zilipoingia kwenye nyumba za watu, makabati yalivimba mji mzima. Makabati haya ya siku hizi yanayotoka Dubai si mbao tupu, yamebandikwa juu karatasi nyembamba ya mbao. Likiingia maji, karatasi inainuka kama malengelenge. Fundi mjanja haibandui. Anazimua gundi nyeupe kidogo, anaivuta kwa bomba la sindano, anachoma katikati ya lengelenge na kusukuma gundi taratibu, kisha anaweka jiwe zito juu mpaka kesho yake. Mwaka ule nilitibu makabati mengi mno. Salumu na Nassibu walikuwa wakishinda pale wakimpigia soga Khalfani, na Salumu alinipa jina.

"Shikamoo Dokta! Mgonjwa wa leo nani?"

"Marahaba. Kabati la mama mwenye duka la kanga."

"Anaumwa nini?"

"Maji."

"Mchome taratibu, Dokta, asije akapiga kelele mtaa mzima ukajua ana maji."

Walicheka, nami nilicheka. Nassibu hakuwa mcheshi kama Salumu. Alikuwa amezamia meli akafika Afrika Kusini, akakaa huko miaka mitatu, wakamkamata na kumrudisha akiwa amevaa viatu visivyofanana. Aliketi juu ya maranda, akalitazama bomba langu, akaniuliza nimelipata wapi. Nilimwambia duka la dawa pale juu. Akasema, "Sie wakituona tunakuja wanafunga mlango." Nilidhani analalamikia dharau za watu.

Baadaye nikawa namtuma Khalfani kununua jingine. Pale dukani akisema ametumwa na fundi Mwinshehe wanampa bila swali. Lakini sikumtuma mara nyingi. Mimi ni mtu wa kutunza vitu. Nilimwambia bomba moja linatosha mwaka mzima, kazi ni kuliosha tu. Nilimwonyesha namna ya kulisukumia maji mara tatu. Asubuhi nyingine nililikuta na wekundu ndani yake, nikamgombeza: "Khalfani, hukuosha vizuri. Limebaki na rangi ya mninga." Alinijibu, "Nisamehe, Mjomba." Na sindano ilipokuwa butu niliinoa kwa mkono wangu juu ya kinoo cha mafuta, nikaijaribu kwenye ukucha, nikairudisha ndani ya kopo.

Nilikuwa nikiinoa baada ya sala ya Alfajiri. Mara nyingine uradi ulikuwa bado mdomoni.

Redioni walisema kila siku kwamba UKIMWI unaambukizwa kwa zinaa, na kwa nyembe na sindano. Niliposikia nyembe nikanunua wembe wangu wa kunyolea, nisichangie na mtu kwa kinyozi. Nikajiona nimesikia.

*

Khalfani alikuja jua likiwa bado kali. Pua ilikuwa ikimtoka na alikuwa akijikunyata kama mwenye homa. Hali ile niliijua, ila siku zote niliita mafua ya vumbi la mbao.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu Nassibu alivyorudi. Kwanza tulikuwa tunavuta tu, unga tunachanganya na bangi kwenye sigara. Halafu ukaja huu mweupe, Nassibu akasema kuuvuta ni kuuharibu."

"Kwa bomba langu."

Alijifuta pua kwa kiganja.

"Nakuuliza. Kwa bomba langu?"

"Lilikuwa ndilo lililopo, Mjomba. Usiku tunarudisha kwenye kopo."

"Watu wangapi?"

"Sie watatu. Siku nyingine mtu akija na unga wake, wanne."

"Na Nassibu alikuwa anaumwa nini?"

Aliketi chini kwenye maranda, palepale alipokuwa akiketi Nassibu. "Alipimwa kulekule Afrika Kusini, kabla hawajamrudisha. Alituambia Ramadhani iliyopita, akiwa anasimama kwa shida. Salumu akasema, sasa unatuambia ya nini."

"Mkaacha?"

"Arosto ikikushika, Mjomba, mifupa yote inauma, tumbo linakata, unaweza kumuuza mama yako. Huulizi bomba limetoka kwa nani."

Hasira niliitafuta sikuiona. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyebeba gogo mpaka kwa mwenyewe akaambiwa siyo gogo lake.

"Unajua nimekwenda kwa Bi Mwamvita na barua yako ya posa," nilisema. "Nimesema mbele ya watu, kijana wangu hana kasoro."

"Najua."

"Na Naima anajua nini?"

"Hajui kitu. Mjomba..." Aliinuka akanishika magoti. Ni mtu mzima wa miaka ishirini na saba, na alinishika kama alivyonishika siku mama yake alipozikwa. "Nitaacha. Nikioa nitaacha, wallahi. Wewe si unawafunika watu? Salumu umemfunika leo. Nassibu ulimfunika. Nifunike na mie."

Barabarani mkokoteni wa maji ulikuwa ukipita, na mwenye nao alikuwa akimtukana dereva wa teksi.

"Wale nimewafunika kwa sababu wamekufa," nilisema. "Wewe hujafa, Khalfani. Sitara niliyofundishwa mimi ni ya maiti."

Alinitazama kana kwamba nimempiga. Kisha akaenda kuketi kwenye kona, akajifunika gunia, akatetemeka mpaka Magharibi. Sikumfukuza. Nilimletea uji, akautapika.

*

Usiku ule sikupata jibu kwenye sala. Watu husema ukiomba kwa moyo safi utaona njia. Mimi niliona sakafu na mkeka wangu. Niliomba nikapitiwa na usingizi nikiwa kwenye sijda, mke wangu akaniamsha akidhani nimezidiwa. Lakini nilipoamka nilijua nitakwenda kwa Bi Mwamvita, na nilijua kwamba sitaki.

Jumanne asubuhi nilimkuta barazani kwake akikaanga vitumbua. Ni mjane, amelea wanawe kwa karai lile.

"Fundi! Karibu. Kitanda kimekwisha? Nisije nikasikia mwanangu kalalishwa kwenye maranda."

"Kimebaki vanishi."

"Basi kaa, ule kitumbua. Mbona uso huo? Harusi unaingia wewe?"

Niliketi lakini kitumbua sikukipokea. Nilimwambia nina maneno, na kwamba akitaka kunitukana anitukane baada ya kumaliza. Nikamwambia kuhusu Khalfani, unga, na bomba. Nilimwambia bomba lilikuwa langu, nimelinunua mimi na kulinoa mimi. Nilimwambia kijana anaweza kuwa na virusi na anaweza kuwa hana, hakuna ajuaye, kwa kuwa hajapimwa. Majina ya wengine sikuyataja.

Vitumbua viliungua. Hakuvigeuza.

"Ulileta barua kwa mkono wako," alisema.

"Nilileta."

"Ukasema kijana hana kasoro. Nikawaita ndugu zangu kutoka Manzese waje wakusikie."

"Nilisema, na sasa nimekuja kulifuta neno langu."

"Neno siyo chaki ubaoni, Mwinshehe." Siku zote aliniita Fundi. Aliinua karai akaliweka chini, akakaa akitazama mafuta. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Nassibu ulimwosha wewe."

"Ndiyo."

"Mikono yake uliiona?"

"Bi Mwamvita, usiniulize hilo."

"Nakuuliza. Mie ndiye niliyemzaa."

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

Niliinamisha kichwa. Amri niliyoishika miaka kumi na mitatu ilikuwa kifuani mwangu kama mwiba wa samaki, haipandi haishuki. Yeye ndiye aliyeniokoa.

"Basi usiseme," alisema. "Nilimkuta mwenyewe chooni, Ramadhani iliyopita, kamba imefungwa hapa, sindano ipo hapa. Nikarudisha mlango, nikaenda kumalizia futari. Nilisema, watu wakijua kaka mtu yuko hivi, huyu Naima ataolewa na nani. Nikakaa kimya. Na Khalfani alikuwa anakuja kumtazama kila siku, nasema kijana mwema, anamjali rafiki yake." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Umeona, Fundi? Wewe umefunika, mie nimefunika, na tulichokifunika ni chungu kipo motoni."

Hatukujua kwamba Naima yupo nyuma ya pazia. Alitoka ana kipande cha kitambaa mkononi, gauni alilokuwa akilishona mwenyewe. Alinisalimia kwanza. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kapimwa?"

"Bado."

"Akapimwe. Halafu jibu aje aniambie yeye, hapa, kwa mdomo wake. Asimtume mjomba wake. Nimechoka kuambiwa na watu wanaokuja na barua."

"Na ndoa?" mama yake aliuliza.

"Ndoa gani tena, mama?" Alikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, akaingia ndani.

*

Ijumaa ilifika. Tungekuwa msikitini na kanzu mpya, badala yake tulikuwa kwenye benchi la kituo kimoja mjini wanakopima damu, mimi na Khalfani, tukiwa wa saba kwenye foleni. Nilikuwa nimempa maneno ya Naima yote, na siku tatu alikuwa amelala nyumbani kwangu akigaragara. Mke wangu alimkanda kwa maji ya moto na hakuuliza, akasema ataambiwa ikifaa. Jumatano jioni alitoroka, akarudi macho yamelegea. Sikumpiga. Nilimfungulia mlango, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya. Lakini Ijumaa alfajiri nilimkuta amekwisha kuoga, anangoja uani, amevaa shati la mikono mifupi. Lilikuwa langu, la zamani. Lilimpwaya.

"Twende kabla sijageuza mawazo," alisema.

Muuguzi aliitwa Filomena, mwanamke mnene mwenye sauti ya bara. Alimkalisha Khalfani, akamfunga mpira juu ya kiwiko, akagonga kwa vidole viwili. Akahamia mkono wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Kaka, mishipa yako umeimaliza yote?"

"Jaribu hapa chini, sista, karibu na kidole gumba. Huu nilikuwa nauogopa. Bado upo."

"Heri uliuogopa," alisema Filomena, na hakumsimanga zaidi ya hapo. Akamwambia majibu ni baada ya wiki mbili. Akamwambia pia kwamba jibu likiwa baya hawana dawa ya kuwapa, dawa ziko Ulaya kwa wenye fedha, ila ukijua unaweza kumlinda mwenzako. Khalfani aliitikia kwa kichwa.

"Kuna mtu anangoja hilo jibu," alisema. "Nitampelekea mwenyewe."

Filomena alichukua bomba jipya, akaichana karatasi yake. Karatasi iliangukia karibu na mguu wangu, nami niliiokota. Niliijua. Ni ileile, yenye maandishi ya bluu, niliyoichana kwa mkono wangu karakana. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wanne, kwenye masomo ya jioni, na nashukuru Mungu nasoma Kiswahili chochote. Lakini maandishi yale yalikuwa ya Kiingereza, na siku ile karakana niliyatazama nikaitupa karatasi kwenye maranda.

Damu ilipanda taratibu ndani ya bomba. Ilikuwa na rangi ya mninga. Filomena alipomaliza, aliihamishia kwenye kichupa, akalitumbukiza bomba na sindano yake ndani ya ndoo yenye mfuniko.

"Sista," nilisema, "samahani. Hapa pameandikwaje?"

Aliichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na akanisomea kwa Kiswahili.

"Litumike mara moja tu, mzee. Halafu litupwe."

Nilimshukuru. Khalfani alikuwa amejibana pamba kwenye mkono, hakuushusha wala hakuuficha. Tulitoka nje, na kwa mbali tukasikia adhana ya kwanza ya Ijumaa. Nikamwambia tukaswali hapohapo, msikiti wowote, kisha turudi Keko, kwa kuwa kuna kopo la maziwa juu ya rafu na nilitaka tulizike sisi wawili kabla jua halijazama.